Bunju wa Posa

Moroni, Jumapili, 20 Februari 1983

Kaka yangu Dhoihir, mwana wa mama yangu,

Shikamoo. Salamu za kwanza ni zako, za pili za wifi yangu Zaharia, na zilizobaki zigawe hapo Mutsamudu nyumba kwa nyumba na usiruke mtu, maana nikija nitaulizwa mimi. Sisi hatujambo. Presha yangu imeshuka tangu niache chumvi, au tangu niache kumsikiliza jirani, sijui kipi kilichosaidia. Saandia hajambo. Anafundisha darasa la pili na walimu wenzake wenyewe wanasema hakuna mwenye hati nzuri kama yake, sikusema mimi. Nakuandikia Kiswahili cha Unguja tulichokulia, kwa sababu Kifaransa changu kinaishia sokoni, na kwa sababu wanaofungua barua za watu siku hizi hawakijui.

Sasa habari yenyewe. Kaa kwanza. Saandia ameposwa! Kijana anaitwa Djaffar, mwana wa Elamine, watu wa hapa hapa Moroni, wenye jina. Ndoa kubwa itakuwa Agosti, baada ya Idi, na nyumba ya binti yangu iko tayari tangu bati mpaka kizingiti. Unajua nilivyoijenga. Wenzangu wanapamba ukumbi wa binti kwa kabati la vyombo. Mimi kabati ninalo, vyombo ninavyo, na nina bahari ukumbini.

Ndiyo, lile tangi la kioo la Daktari Mfaransa niliyempikia miaka kumi na mmoja. Mwaka 75 Wafaransa walipofunga mizigo mbio mbio alilitazama, akanitazama, akasema, "Ramlati, hili meli haitalibeba, libebe wewe." Lina urefu wa watu wawili waliolala. Saandia amelitunza tangu utoto, kila maji yakijaa anakwenda na ndoo kubadilisha maji, na ile mashine ndogo ya kupuliza hewa ameifungua na kuifunga mwenyewe mara tatu. Tuna samaki kangaja, tuna samaki vipepeo wa manjano, tuna tasi. Watu wanakuja kutoka Iconi kutazama. Usinione najisifu, ni kweli.

Basi siku ya kuleta zawadi za posa wakaja na ngoma. Dhahabu, leso, manukato, na mwisho mwanamke mmoja na beseni kichwani, limefunikwa kitambaa cha lasi. Nikasema moyoni, halua. Nikafunua. Bunju! Bunju mzima, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, mnene kama papai, ananitazama kama kadhi aliyecheleweshewa chakula. Elamine akasema mbele ya watu wote, "Mama Saandia anapenda samaki, nasi tumemletea ambaye hakuna nyumba Moroni inaye." Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikapiga. Ungefanyaje?

Siku ya tatu vipepeo wangu wawili hawana mikia. Siku ya tano kangaja mmoja ana kidonda ubavuni kama amepigwa patasi. Akipita mtu mbele ya kioo bunju anakuja juu na kutema maji. Na kumtoa siwezi, kaka. Zawadi imekubaliwa mbele ya watu. Akitoka kwangu, hai au maiti, watasema Mama Saandia amerudisha posa, na anayerudisha ndiye aliyevunja. Unaijua Moroni.

Wewe uliosha matangi ya yule Mzungu wa samaki kule Unguja. Nifanye nini? Na unakuja lini? Binti haolewi bila mjomba wake.

Akupendaye bila kipimo,
Ramlati, mama wa bibi harusi


Mutsamudu, 13 Machi 1983

Mdogo wangu Ramlati,

Marahaba. Salamu nimezigawa, na bibi wa nyumba ya pembeni anasema ulimwahidi sufuria mwaka 79, nikukumbushe. Zaharia anakusalimu, goti lake linamsumbua wakati wa mvua. Minazi imezaa.

Nilipofika kwenye beseni nilicheka mpaka Zaharia akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kisha nikaacha kucheka. Mnyama huyo namjua. Kule Unguja tulikuwa naye mmoja tukimwita Hakimu, na alinitia meno hapa, kidole cha shahada, alama ipo.

Sikiliza vizuri. Bunju meno yake yanaota siku zote kama kucha zetu. Asipopata kigumu cha kusaga yanarefuka, na akiwa na meno marefu na tumbo tupu atauma kila kinachopita. Kwa hiyo mpe kaa wadogo wa mawe pamoja na magamba yao, mpe konokono wa baharini, mpe kome bila kuwafungua. Ahangaike. Alishwe yeye kwanza, upande mmoja uleule kila siku, na mtu mmoja yuleyule, halafu ndiyo wengine walishwe upande wa pili. Atajifunza. Ana akili kuliko karani mkuu niliyemfanyia kazi.

Tena, yeye sasa anaona tangi lote ni lake. Toa mawe yote, yapange upya asipajue mahali, ongeza mapango. Samaki wenye mapezi marefu na mwendo wa polepole wape watu, huwezi kuwaokoa. Kangaja wataishi, wana mbio na wana miba yao mkiani. Na mkitaka kumhamisha, msimwinue juu ya maji hata mara moja. Mchoteni ndani ya ndoo akiwa majini. Akivimba kwa hewa badala ya maji atakufa. Na asichokozwe ili avimbe kwa kufurahisha wageni. Kila kuvimba kunamla.

Swali langu moja. Wavuvi wote ninaowajua, wa Mirontsy na wa huko kwenu, wakimpata bunju humtupa na laana juu. Huyu alivuliwa na nani, akafika mzima hivyo?

Kuhusu kuja, kazi za bandarini zimekuwa nyingi mno. Tutaona.

Kaka yako,
Dhoihir


Moroni, 10 Aprili 1983

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole kwa goti la wifi. Mwambie akande kwa mafuta ya karafuu ya moto. Sufuria nitaleta mwenyewe. Huku mvua imeharibu barabara ya juu, na samaki sokoni ni wachache, ila kwangu ukumbini wapo.

Umenisitiri! Saandia anatoka baada ya shule kwenda kwenye mawe ya pwani na kopo, mwalimu mzima, sketi imefungwa magotini, anakusanya kaa. Wanafunzi wake wanamsaidia na wanagombea nani kapata mkubwa. Bunju anamngoja pembeni upande wa dirisha, anamjua kwa hatua. Akimwona yeye anazungusha vile vipezi vyake vidogo kama mtu anayejipepea. Akiniona mimi ananitemea. Mlio wake akivunja kaa unausikia mpaka jikoni. Kangaja wamepona. Vipepeo nimempa mke wa imamu, na mke wa imamu sasa hanyamazi. Nani mwingine Moroni amemtia bunju kwenye tangi moja na wenzake na wakaishi? Nitajie mmoja.

Swali lako limejijibu. Juma lililopita Djaffar alikuja na mgeni. Wale Wazungu wa kukodiwa walioingia mwaka 78, hao walioko kambini na wenye bunduki kuliko serikali, mmoja wao, wanamwita Kapteni. Anapenda kuzamia baharini. Aliingia na viatu. Akainama kwenye kioo akasema kwa Kifaransa, "Anakula vizuri, bunju wangu?" Bunju wake! Djaffar akatazama zulia. Kwa hiyo zawadi ya mkwe wangu ni samaki aliyepewa na Mzungu, na wao wakamfunika lasi wakampigia ngoma.

Nikameza. Nikaleta sharubati. Lakini yule mtu akachukua ufito wa ufagio wangu akaanza kumchoma bunju avimbe, amwonyeshe Djaffar. Saandia akamshika mkono. Mkono wa Mzungu, kaka, wenye saa kubwa! Akamwambia kwa Kifaransa safi, kile nilichomsomeshea, "Mesye, akivimba ovyo hufa. Humu ukumbini hachokozwi mtu wala samaki." Sharubati ilinimwagikia. Huyo ni nani amemzaa? Ni mimi.

Mzungu akacheka. Akamwambia Djaffar neno moja wakitoka. Hilo nitakuandikia siku nyingine.

Hukunijibu unakuja lini. Nimekwisha kumwambia kila mtu kwamba mjomba atakaa kiti cha kwanza.

Wako,
Ramlati


Mutsamudu, 22 Mei 1983

Ramlati,

Salamu kwenu wote. Barua yako ya Aprili imenifikia jana. Ilifunguliwa na kugandishwa tena kwa uji wa wali, na waliofanya hivyo hawajui hata kupika uji. Goti la Zaharia ni afadhali.

Mbusu Saandia mkono ule.

Neno alilosema Mzungu ni lipi? Usinifiche ukadhani unanipumzisha.

Mimi nimeteguka mguu, kwa hiyo sitaweza kusafiri hivi karibuni. Si jambo kubwa. Mpeni bunju kome wakubwa zaidi kipindi hiki, maji yanapoa na njaa yake itabadilika.

Dhoihir


Moroni, 5 Juni 1983

Kaka,

Mguu upi?

Batoul wa kwa Maoulida ametua juzi kwa ndege ya kutoka huko kwenu Ouani, amekuja kwangu kula, na kabla hajanawa mikono nimemuuliza, mguu wa kaka yangu unaendeleaje? Akaniuliza, mguu gani, Dhoihir anatembea kuliko mbuzi. Ila hatoki Mutsamudu. Amekatazwa. Kila Ijumaa baada ya swala anakwenda kituoni kutia saini kwamba yupo, tangu Desemba, na kazi ya bandarini hana. Desemba, kaka! Na Machi ukaniandikia kazi ni nyingi.

Batoul amenieleza yote. Kwamba yalishuka masanduku ya wale Wazungu, ukaambiwa uandike kitabuni "mchele", na wewe ukaandika ulichokiona: masanduku kumi na tisa, mazito, hayakufunguliwa. Nilipoyasikia nililia, halafu nikamwambia Batoul arudie, halafu nikamwita mke wa imamu naye asikie. Nina hasira na wewe mpaka kwenye kucha, na jana nimepita soko la Volo Volo nikimsimulia kila niliyekutana naye. Kunidanganya mguu!

Haya, na mimi nilikuficha, tuko sawa. Neno la Kapteni lilikuwa hili: analitaka tangi. Amepata nyumba kubwa ufukweni na anataka tangi langu liwe sebuleni kwake, pamoja na bunju na kangaja wote. Na Djaffar ameahidiwa kiti ofisini.

Elamine alikuja na wazee wawili. Maneno ya asali. "Mama Saandia, kioo ni kitu gani baina ya jamaa? Mpe mkubwa, mtoto apate kazi." Nikamjibu, "Nyumba hii si yangu, ni ya binti yangu. Kila kilichomo ni chake, hata mimi mamaye sina ruhusa ya kukitoa, na mumewe atakayeingia atakikuta na atakiacha. Hayo nakufundisha mimi mtu wa kisiwa cha Ndzuani, wewe mtu wa Moroni?" Mzee mmoja akakohoa. Elamine akasimama, akalitazama tangi, akasema kwa upole, "Vizuri. Mtunzeni basi samaki wetu. Itakuwa aibu akifa."

Unaona alipofika? Hataki kuvunja yeye, mji utamcheka. Anangoja bunju afe mikononi mwangu ili aseme tumemuua, tumeikataa posa. Na asubuhi ya pili umeme ukakatika. Kwangu peke yangu. Taa za jirani zinawaka! Fundi alikuja, akapanda, akashuka, akasema, "Mama, mimi nina watoto," akaenda zake.

Mashine ya hewa imenyamaza. Saandia amechukua pampu ya baiskeli, amefunga mpira wake, anapuliza. Mimi napuliza. Mke wa imamu anapuliza. Niambie la kufanya, upesi, nampa Batoul barua hii aifiche kwenye unga. Bunju huyu hatakufa. Wallahi hatakufa, nimpulizie kwa mdomo wangu! Wao ndio watakaovunja, na mji utaona ni wao.

Ramlati


Mutsamudu, Jumamosi, 11 Juni 1983

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe mguu. Sikutaka ukae kwenye nyumba ya harusi ukinifikiria. Na sikutaka kuandika kwa mkono wangu kwamba naomba ruhusa ya kuwa nyumbani kwangu.

Tangi kwanza. Chakula kipungue nusu kwa wote, ila bunju asikose kigumu chake. Kila maji yakijaa badilisheni theluthi, na mmimine kutoka juu, ndoo ikiwa usawa wa kichwa, maji yapige maji, hiyo ndiyo hewa. Tasi wapunguzwe, wanavuta hewa nyingi. Bunju akipungukiwa na chakula ataanza ukorofi, kwa hiyo mtafute msukaji wa madema ya kuvulia samaki, asuke dogo la kuingia ndani ya tangi, matundu madogo, nalo liwe chumba chake. Kila siku baada ya kula mfungulieni saa moja azunguke akiwa ameshiba, kisha arudi. Atakasirika. Mwacheni akasirike.

Sasa yangu. Mwaka huu kiti cha kwanza sitakikalia, kwa hiyo maneno yangu yakae badala yangu. Hii karatasi ya pili isome mbele ya wazee. Nimeiandika kwa lugha yetu, na nyuma kwa Kifaransa, na naipeleka posta yenyewe, bahasha wazi, bila gundi. Anayetaka kuisoma njiani asome taratibu.

"Mimi Dhoihir, mjomba wa Saandia, niko Mutsamudu kwa kuzuiwa, si kwa kupenda. Nasema: kilichomo ndani ya nyumba ya Saandia hakitoki ila Saandia mwenyewe akitaka. Si kwa mkwe, si kwa kazi ya mkwe, si kwa mamluki. Nimeliandika neno hili kamili kwa sababu ndilo jina la kazi yao. Niliandika nilichokiona Desemba na ninaandika ninachokiona leo."

Zaharia ameisoma akaniambia nitalala ndani kwa hili. Kisha akanipikia mkate wa kumimina, wa mayai sita.

Ramadhani njema. Pulizeni.

Dhoihir


Moroni, Jumapili, 24 Julai 1983

Kaka yangu, fahari yangu, mwongo wangu,

Shikamoo, na Idi njema iliyochelewa. Barua yako ilifika wazi kama ulivyoituma, na kila ukurasa una alama za vidole vya watu. Wameisoma! Sisi wazima. Nimekonda, nguo zangu zote zimenipendeza tena. Mkono wangu wa kulia umekuwa mgumu kama wa mpiga makasia.

Ramadhani nzima tumepuliza. Tulifunga tukapuliza, tulifuturu tukapuliza. Mke wa imamu alipanga zamu akaziandika kwa chaki mlangoni: wanawake kumi na wanne, kila mmoja nusu saa. Kuna waliokuwa hawasemi na mimi tangu ujenzi wa ukuta, walikuja wakakaa kwenye kigoda wakapuliza bila kunisalimu, nusu saa kamili, wakaondoka. Dema lilisukwa. Bunju aliligombania siku mbili, kisha akalizoea, akawa anaingia mwenyewe akimaliza matembezi. Samaki saba tumewapoteza. Yeye hakupoteza hata mwiba. Idi ilipofika alikuwa mnene kuliko siku ya beseni, na mimi niliketi mbele yake nikamwambia, "Haya, tuwangoje."

Walikuja Alhamisi alasiri. Elamine, Djaffar, wazee wawili, na nyuma yao lori la kambini na askari wanne, vijana wetu, Mzungu hakuwepo. Ukumbi umejaa wanawake wa zamu. Nikasema, kabla ya yote asomwe mjomba. Saandia akasimama akaisoma karatasi yako, kwa ile sauti yake ya darasani. Kwenye neno lile mmoja wa askari aliinamisha kichwa.

Elamine akasema, "Mjomba asiyeweza kutoka mjini kwake ndiye atatuamulia ya huku?"

Saandia akamwambia, "Hawezi kutoka kwa sababu alikataa. Wewe baba unaweza kwenda popote, na tazama umekwenda wapi."

Wanawake wakaguna. Djaffar akasogea, sauti ya chini, "Saandia, usifanye hivi. Ni kioo tu."

"Kama ni kioo tu, mwambie hapana."

Kaka, nilimtazama yule kijana. Nilitaka aseme. Wallahi, kwa yote niliyosema juu yake, pale nilimwombea dua afungue mdomo aseme hapana moja, nami ningemzawadia hilo tangi mwenyewe. Alitazama askari. Alitazama baba yake. Halafu akatazama zulia, kama siku ile.

Saandia akaanza kuvua bangili za posa.

Nikapiga kelele, "Saandia! Ngoja! Wao ndio wavunje! Miezi mitano tumemlinda, ngoja waseme wao!"

Akanigeukia, hakukasirika hata kidogo, akasema, "Mama, miezi mitano tunamlinda bunju asife ili tusiwe sisi. Acha tuwe sisi."

Akavua bangili, mkufu, pete, akazifunga kwenye leso akaiweka mkononi mwa Djaffar. Hakuitupa. Aliiweka na akavikunja vidole vya Djaffar juu yake, kama unavyompa mtoto kitu asikidondoshe. Nilikaa chini pale pale kwenye kigoda cha kupulizia. Nyumba niliyoijenga miaka kumi na tisa, ndoa kubwa, aibu yote juu ya mlango wangu, na mimi nilijiona nimepigwa. Elamine alikuwa anatabasamu, kapata alichokitaka. Akasema, "Na samaki wetu?"

Saandia akasema, "Samaki hakuvuliwa na mwanao. Mwanao hana samaki hapa."

Kwanza alicheka mke wa imamu. Kisha bibi mmoja ambaye hana meno. Kisha ukumbi mzima, kaka, mpaka askari mmoja akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Elamine alitoka akisahau fimbo yake. Na mimi nilikuwa nalia na kucheka na sikujua kipi ni kipi, ila nilijua kitu kimoja, kwamba aibu ile niliyoikimbia tangu Februari ilikuwa imeingia ndani, imeketi, na haikunifanya kitu.

Mkubwa wa wale askari alibaki nyuma. Akaniambia, "Mama, amri ni kuchukua tangi. Lori haliwezi leo. Tutarudi kesho baada ya swala." Akanitazama. "Kesho baada ya swala, mama." Lori lilikuwa zima kabisa.

Basi Ijumaa asubuhi, jua limetoka, tuliwatoa samaki wetu. Ndoo na mabeseni, wanawake kumi na wanne na watoto wa darasa la pili. Kwenda pwani njia fupi ipo. Tulichukua ndefu, ya Volo Volo, katikati ya wachuuzi wa vitambaa, watu waone. Wakauliza, "Mama Saandia, harusi?" Nikajibu, "Harusi imevunjika, tumevunja sisi, pisheni njia maji yasimwagike!" Saandia alimbeba bunju mwenyewe, kamchota majini kama ulivyosema, hakuona hewa. Kwenye mawe akazamisha ndoo. Kangaja waliondoka kama mishale. Bunju alikaa mlangoni mwa ndoo kwa muda, anazungusha vipezi, anangoja kaa wake. Saandia hakuwa na kaa. Akaenda.

Mchana walikuja wakalibeba tangi, watu wanane, tupu. Limeacha doa refu ukutani. Jumamosi nililia kidogo, sikufichi tena kitu. Leo asubuhi wameanza kuja watu kutazama doa. Nawaketisha, nawapa sharubati, nawasimulia tangu mwanzo, na kila mara Saandia anatoka kwenda kusahihisha madaftari kwa sababu anasema naongeza. Siongezi. Nani Moroni ana binti kama huyu? Nitajie mmoja. Sufuria ya yule bibi tayari nimeifunga.

Sasa sikiliza, usinijibu kwamba si salama. Nimekwisha nunua tiketi. Alhamisi tunatua Ouani, mimi na Saandia, na mke wa imamu amesema haachwi. Ijumaa baada ya swala utakwenda kituoni kama kawaida yako, nasi tutakwenda na wewe, tumejifunika leso za shiromani nyekundu, zile za harusi ambazo zingekaa kabatini. Mwambie Zaharia atafute wenzake, wenye magoti na wasio na magoti. Wewe utaingia utie saini. Sisi tutaketi barazani kwao, mstari mzima, bila kelele. Wakitoka kutuuliza tunataka nini, nitawajibu mimi: hatutaki kitu, tumekuja kumtazama mtu wetu akiandika jina lake.

Dada yako,
Ramlati, mama wa Saandia